Simu Kumi na Moja Zilizokwenda Sale

Karatu,
Jumapili asubuhi

Baba yangu,

Shikamoo. Mdogo wangu Zainabu ameniambia kwamba sikio lako la kushoto sasa halisikii kabisa, na la kulia linasikia mtu akikusogelea tu, na kwamba ukipigiwa simu unajibu "ndiyo, ndiyo" ili anayepiga asijisikie vibaya. Nimecheka, halafu nikasikitika. Ndiyo maana nimeacha kupiga na nimeamua kuandika. Barua nitampa kondakta wa basi la Singida ninayemfahamu, Zainabu ataifuata stendi. Isome mwenyewe, polepole, hata ikichukua siku mbili. Humu kuna mambo ambayo nataka uyapate kutoka kwangu kabla hujayapata kwa mtu mwingine.

Mama anaendeleaje na miguu? Bado anakataa kukaa kwenye kiti akipepeta? Na mashine ya kukamua vipi, mmeshafunga ule mkanda mpya? Nasikia alizeti ya mwaka huu imekuja nyingi, magunia yamepangwa mpaka nje. Usibebe, baba. Vijana wapo.

Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Kinachonisumbua ni kutotulia. Tangu nimerudi kutoka Sale nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje. Asubuhi hii ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, baridi ya Karatu unaijua, lakini nimekwenda barabara kuu mara mbili, nikatazama magari ya watalii yanavyopanda kuelekea geti la Ngorongoro, nikarudi. Chai imepoa mezani. Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana.

Ulipokuja Idi kuniona uliniuliza, "Halima, ukishinda kwenye hiyo kompyuta, jioni unatoa nini?" Nilikujibu natengeneza programu za simu, ukanyamaza kwa adabu. Swali lako lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Leo lazima nilijibu vizuri, maana bila hivyo hutaelewa nilichokosea.

Wewe ukimimina gunia la alizeti kwenye mashine, haitoki kitu kimoja. Yanatoka mafuta ya kwanza, machafu. Yanatoka yaliyochujwa. Kuna mashudu, kuna maganda, na kuna lile daftari lako unaloandika gunia ni la nani, limeingia saa ngapi, mashine imekwama wapi. Kazi yetu iko karibu na hapo. Sisi tunaandika maelekezo, mstari kwa mstari, na kila mmoja wetu akibadilisha hata mstari mmoja, mtambo ulio mbali huko kwenye mtandao unachukua maelekezo yote, unayaunganisha, unayapima, halafu unatoa vitu kadhaa. Ofisini tunaviita mazao.

Kuna kifurushi cha kazi. Hicho kimefungwa na kutiwa sahihi ya ofisi, na ndicho kinachowekwa kwenye simu za watu. Kuna kifurushi cha majaribio. Kimetoka kwenye mistari ileile na ukikifungua kina sura ileile, ila kimeachwa wazi ili sisi tuweze kuchungulia ndani yake, na kila kinachoandikwa humo huenda kwenye ghala la majaribio. Ghala hilo tunalifagia kila Ijumaa adhuhuri, libaki tupu, kwa sababu kilichomo ni majina ya kubuni tu. Kuna ripoti ya vipimo, inayosema nini kimefaulu na nini kimefeli. Na kuna daftari la mtambo: nani alibadilisha nini, nani alichukua zao lipi, saa ngapi. Daftari hilo hukaa siku thelathini, kisha hujifuta lenyewe ili lisijaze nafasi.

Mazao yote ni ya gunia moja. Lakini mteja akija na chupa yake kutaka mafuta ya kupikia, wewe huwezi kumjazia kutoka pipa la kwanza ukamwambia ni alizeti ileile. Mimi nimefanya hivyo.

Programu yetu inatumiwa na wahudumu wa afya wa vijijini. Mhudumu anakwenda boma kwa boma, anamfunga mtoto utepe wa kupima unene wa mkono. Utepe ukionyesha kijani, mtoto yuko salama. Njano, anafuatiliwa. Nyekundu, utapiamlo mkali, anatakiwa kupewa dawa na kurudiwa baada ya wiki. Mhudumu anaandika kwenye simu, na siku ya kumrudia ikifika simu inamkumbusha. Kule Sale, wilaya ya Ngorongoro, watu wengi wanahama na ng'ombe, kwa hiyo kumbukumbu ndiyo kila kitu. Zamani walikuwa na madaftari ya karatasi. Sisi ndio tuliowaambia wayaache.

Wakati wa masika tulipata simu mpya kumi na moja za kupeleka huko. Mtandao wa kule ni wa kubahatisha, kwa hiyo ilikuwa lazima niziwekee programu hapa ofisini kabla gari halijaondoka. Siku ile mvua ilikuwa inapiga, mtandao wetu wenyewe unakatika na kurudi. Nilianza kuchukua kifurushi cha kazi, kikakwama katikati. Nikabonyeza tena. Kwenye orodha majina ya vile vifurushi viwili yanafuatana, yanatofautiana neno moja tu la mwisho. Nilichukua cha chini. Nikakiweka kwenye simu zote kumi na moja, nikafungua moja, nikaona inawaka, nikazifunga kwenye boksi.

Kuna hatua moja tunatakiwa kuifanya: kusoma namba ndogo iliyo chini ya ukurasa wa kwanza na kuilinganisha na ile ya kwenye ripoti. Ni dakika mbili. Sikuifanya. Na sababu, baba, si mvua. Saa nane mchana nilikuwa na usaili wa simu na kampuni moja ya Dar es Salaam. Sikumwambia mtu, hata wewe. Miaka mitatu Karatu nimeona inanitosha, nilikuwa natafuta pa kwenda. Nilitoka ofisini nikisema naenda kununua muda wa maongezi, nikaongea nao nimesimama nyuma ya duka la pembejeo, maji yananidondokea kutoka kwenye bati. Walinipenda. Nilirudi nina furaha, boksi limeshaondoka.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili. Kwenye ghala la kweli, upande wa Sale pakawa sifuri. Sifuri kila siku. Mwenzangu Daudi, ambaye kazi yake ni kukusanya takwimu, akaandika kwenye ripoti kwamba wahudumu wa Sale wamepewa simu mpya na hawafanyi kazi kwa uvivu. Mkuu wetu, Dada Paskalina, Mmbulu mmoja mtulivu aliyekuwa muuguzi zamani, akasaini barua ya onyo ikaenda huko. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisema pale mezani, "Labda wanazitumia kupigia picha."

Wiki ya tatu, Jumatano asubuhi, simu yangu ikaita. Alikuwa Namnyak, mhudumu wa Sale. Nilimfundisha mimi mwaka jana. Ni mwanamke wa makamo, ana sauti nzito, hana maneno ya kuzunguka.

"Wewe ndiye Halima wa simu?"

"Ndiyo, dada. Habari za huko?"

"Simu yenu inakula watoto."

Akaendelea. "Mtoto wa Nasieku nilimwandika, mkono wake uko kwenye nyekundu. Simu ikasema nitakukumbusha. Haikunikumbusha. Nimetafuta jina, halipo. Wale wa wiki ya kwanza wote hawapo. Sijafuta mtu. Na hapa barua yenu imesomwa mbele ya mtendaji wa kijiji, wananiita mvivu. Mimi nimetembea mpaka katambuga miguuni zimekatika, Halima."

Nikamwambia, "Dada, fungua ukurasa wa kwanza. Chini kabisa kuna maandishi. Nisomee."

"Ni madogo kama chawa."

"Soma moja moja."

Akasoma namba. Akasoma nukta. Akasoma kistari. Halafu akaanza herufi, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. "M. A. J. A. R."

"Inatosha, dada."

"Bado zipo nyingine."

"Najua. Inatosha."

Nikamwambia azime data mara moja, na awaambie wenzake wote anaoweza kuwafikia wazime data na wasifute kitu chochote. Akauliza kwa nini. Nikasema kuna hitilafu ya mtandao. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza siku hiyo.

Nilisimamisha kwanza ule ufagiaji wa Ijumaa. Kisha nikafungua ghala la majaribio na nikawakuta, baba. Wale wa wiki ile walikuwepo, majina ya watu kabisa, majina ya Kimaasai na ya Kisonjo, katikati ya yale majina yetu ya kubuni. Wa wiki mbili za nyuma tulikuwa tumeshawafagia. Na simu imetengenezwa kufuata ghala: ikikutana na mtandao ikaona ghala limefuta, nayo inafuta. Hapo ndipo watoto walipoliwa.

Nikafungua daftari la mtambo. Lilikuwa na jina langu, siku na saa, na kifurushi nilichokichukua. Mtu yeyote ofisini angeweza kulisoma, ila hakuna aliyewahi kuwaza kulisoma. Zilikuwa zimepita siku ishirini na moja. Zimebaki tisa, kisha linajifuta.

Nilitoka nje. Ilikuwa siku ya mnada, watu wanashuka na mbuzi, na mimi nilipita katikati yao bila kuona. Nilitembea mpaka zilipoishia nyumba, njia ya kwenda Oldeani inapoanza kupanda. Nilikuwa nahesabu siku tisa. Nilijiambia nitalirekebisha kimyakimya, nitasema mtandao, nani atajua. Dar wananisubiri, nitaondoka, na huko Sale watasema simu zilikuwa mbovu. Yote hayo niliyawaza, na nilikuwa nayawaza haraka haraka, kama mtu anayepanga mzigo. Halafu nikakumbuka nilivyosema pale mezani kuhusu kupiga picha. Nikageuka.

Nilipoingia ofisini Daudi alikuwa tayari anaandika ujumbe. Namnyak alikuwa amempigia na yeye, akamwambia Halima anasema kuna hitilafu. Daudi ni mtu wa suluhisho la haraka.

"Nimeshapata dawa," akasema. "Nawaambia wote waondoe programu, nitawatumia kifurushi kipya cha kazi waweke. Dakika kumi tumemaliza."

Sasa hapa, baba, ndipo palipokuwa pabaya. Kifurushi cha kazi na cha majaribio vina sahihi mbili tofauti, na simu haikubali kuweka kimoja juu ya kingine. Lazima uondoe cha kwanza. Na ukikiondoa, kila kilichoandikwa ndani yake kinakwenda nacho. Kulikuwa na simu ambazo hazijawahi kukutana na mtandao tangu zifike, ziko kwenye vijiji visivyo na mnara. Hizo bado zilikuwa na majina yote, wiki zote tatu. Ujumbe wa Daudi ungeyafuta.

Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe. Hapakuwa na namna ya kumzuia bila kueleza.

"Usitume," nikasema.

"Kwa nini?"

"Zina kifurushi cha majaribio. Wakiondoa, kila kitu kinapotea."

Akanitazama. "Cha majaribio kimefikaje huko?"

"Nimekiweka mimi."

Dada Paskalina alitoka chumbani kwake. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi. Aliniambia nieleze tangu mwanzo, nikaeleza, na nilipofika kwenye ile hatua ya dakika mbili akauliza, "Ulikuwa na haraka ya nini?" Nikamwambia habari ya usaili.

Mimi nilitamani apige kelele. Akasema tu, "Ungeniomba ruhusa ningekupa." Kisha, kwa sauti ileile, "Ile barua ya onyo niliisaini mimi." Akaingia kuvaa koti. Aliporudi alisema, "Kesho asubuhi wewe na Daudi mnakwenda Sale. Mtakaa mpaka mmalize."

Nimesimama kidogo hapa, baba, nimekwenda kuchemsha chai upya. Nimerudi.

Tulishuka Mto wa Mbu, tukakata kushoto. Kutoka hapo ni vumbi na mawe. Daudi alikuwa anaendesha na hakunisemesha. Nilidhani ananichukia. Tulipopita Engaruka akasimamisha gari, akashuka, akazunguka gari mara mbili kama anayetazama matairi, akarudi kukaa.

"Kwenye ripoti niliandika neno uvivu," akasema. "Sikupiga simu hata moja kuwauliza. Sifuri wiki tatu, watu kumi na mmoja, na sikuuliza."

"Wewe hukuweka kifurushi."

"Najua nilichofanya," akasema, akawasha gari.

Tukapita chini ya Mlima wa Mungu, tukapanda ule ukingo wa bonde ambao gari linalia kama linataka kufa, tukafika Sale jua likiwa bado juu. Namnyak alikuwa anatusubiri kwenye baraza ya zahanati, shuka lake la bluu, shanga shingoni, simu ameifunga kwenye kitambaa kama kitu kigonjwa. Alikuwa ametuma watu kuwaita wenzake. Hakunipa mkono mpaka nilipomwambia.

Nilimwambia pale pale, nimesimama. Kwamba haikuwa mtandao. Kwamba nilidanganya. Kwamba simu zilikuwa na kitu kibovu na aliyekiweka ni mimi.

Akasema, "Kwa hiyo mimi si mvivu."

"Hapana, dada."

"Hilo hutaniambia mimi. Mimi nalijua."

Tulianza na simu. Na hapa kuna jambo la ajabu ambalo wewe kama fundi utalielewa. Kile kifurushi kingekuwa cha kazi, kimefungwa, nisingeweza kuingiza waya nikatoa kilichomo. Kwa kuwa kilikuwa cha majaribio, kimeachwa wazi, niliunganisha simu moja moja na kompyuta yangu nikavuta majina yote. Kosa lenyewe liliniachia mlango. Sikufurahi, lakini nilishukuru. Simu sita kati ya kumi na moja hazikuwa zimegusa mtandao, zikatoa kila mtoto. Tano zilikuwa zimeshafagiliwa, na mojawapo ni ya Namnyak.

Kwa wahudumu wa hizo tano tulitumia vichwa vyao. Daudi alikaa na karatasi, Namnyak akafumba macho akaanza: boma la fulani, mke mkubwa, watoto wawili, mmoja kijani mmoja njano. Akaenda hivyo, njia aliyopita, kisima kwa kisima, kana kwamba anatembea. Alipokosa jina alisema alama: yule mwenye kovu la moto, yule ambaye mama yake anatoka Malambo. Siku mbili tulitembea naye kuhakiki. Miguu yangu ilivimba. Yeye alikuwa ananisubiri kila kilima.

Mtoto wa Nasieku tulimkuta siku ya tatu. Walikuwa wamesogea kufuata malisho. Mama yake alikuwa anakamua, akamwita binti amlete. Baba, nilishawahi kuona ule utepe mara mia kwenye picha za mafunzo. Sikuwahi kuuona ukizunguka mkono wa mtu namna ile, ukaendelea kuzunguka. Namnyak alimuuliza Nasieku kwa Kimaasai kwa nini hakuja zahanati, halafu akanigeukia akaniambia jibu.

"Anasema nilipoacha kuja alidhani mtoto amepona."

Tulimchukua na mama yake kwenye gari mpaka kituo cha afya. Muuguzi alimpima, akaanza kukoroga maziwa ya dawa. Nilikaa nje kwenye benchi. Nilijaribu kukaa, nikasimama, nikazunguka jengo. Daudi akaniambia nikae, nikamwambia siwezi. Siku tunaondoka mtoto alikuwa ameanza kulia kwa sauti, na muuguzi akasema kulia kwa sauti ni dalili njema.

Kabla hatujaondoka Namnyak alisema kuna kikao cha kijiji, na kwamba mimi nitasema. Hakuniuliza kama nataka. Barua ilisomwa mbele za watu, jibu litasemwa mbele za watu. Nikasimama mbele ya wazee na akina mama, mtendaji kakaa pembeni na ile barua mkononi. Wengi hawapendi Kiswahili kirefu, kwa hiyo Namnyak ndiye alikuwa mkalimani. Nilikuwa nimejiandaa. Nilieleza kifurushi ni nini, ghala ni nini, ufagiaji, saa, mvua, kila kitu. Nilisema wahudumu wao walifanya kazi kila siku na sisi ndio tuliokuwa tunaifuta. Niliomba radhi. Nadhani nilisema dakika kumi.

Namnyak alisikiliza mpaka mwisho, akageuka, akasema maneno machache sana. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mzee mmoja akauliza kitu, akajibiwa, wakaendelea na habari ya kisima.

"Umewaambia nini?" nikamuuliza tulipotoka.

"Kwamba umekosea na umekuja mwenyewe."

"Yale mengine?"

"Yale mengine ni ya kwenu."

Mtendaji alimrudishia Dada Paskalina barua yake kupitia Daudi, na tumeandika nyingine ya kuifuta, imesainiwa na sisi watatu.

Sasa nimekuwa hapa wiki moja tangu turudi. Tumebadilisha mtambo. Kifurushi cha majaribio sasa kina rangi nyekundu, na kinakataa kufunguka kwenye simu isiyo ya ofisi. Hakuna mtu anayechukua zao kwa mkono peke yake, lazima wawili wasome namba kwa sauti. Wahudumu wamerudishiwa madaftari yao ya karatasi, yaende sambamba na simu. Hilo alilisema Dada Paskalina na hakuna aliyebisha. Sikufukuzwa. Nimepewa onyo la maandishi, na nimeliweka kwenye droo.

Dar es Salaam walipiga Alhamisi. Wamenikubali, wanataka nianze mwezi ujao. Yule mama aliyepiga aliniuliza kama nina swali, na mimi, sijui kwa nini, nikamweleza yote haya. Ya simu, ya Sale, na kwamba wakati natenda kosa nilikuwa nina haraka ya kuongea nao wao. Akasema tu watanijulisha. Bado hawajanijulisha. Nilidhani ningeumia zaidi. Kinachonitoa kitini si hicho.

Kuna mtoto mmoja hatujampata. Anaitwa Nashipai, alikuwa kwenye njano, na Namnyak anakumbuka mama yake alikuwa mjamzito. Siku tulipofika kwenye boma lao palikuwa na majivu tu na miiba ya zizi. Wengine wanasema wamekwenda kaskazini kwenye mpaka, wengine wanasema wameshuka kwenye bonde. Nimemuuliza Namnyak kila siku. Jana alinijibu, "Usiniulize kutoka huko. Kama unataka kutafuta, njoo tutafute."

Basi nimeomba likizo yangu yote, baba. Ile niliyokuwa nimeiweka ya kuja Idi. Dada Paskalina amesaini bila kuuliza. Gari la dawa la kwenda Sale linaondoka kesho asubuhi na nimeshapata nafasi mbele. Huko sehemu kubwa hakuna mtandao, kwa hiyo Zainabu akinipigia nisipatikane, mwambie asihofu. Najua mama atasema Idi imeharibika. Mweleze wewe, kwa yale maneno machache unayotumiaga.

Nisalimie mama sana, mwambie akae kwenye kiti. Msalimie Zainabu, na umwambie aache kunisemea kwa shangazi. Shangazi mwenyewe, dada yako, mpe salamu zake na umwambie kwamba kitenge chake bado ninacho. Kaka Ramadhani wa kwenye mashine msalimie, na mama wa jirani anayekuletea togwa. Babu imamu mwombe aniwekee dua, na amtaje Nashipai kwa jina. Asiulize ni nani.

Sikio la kulia ulitunze, usiliweke karibu na mkanda.

Mimi mwanao,
Halima